Wamaori na watu wa Pasifika wanavyotafuta madaktari wa meno wa kwao

Na Mwandishi Wetu

KILA Jumamosi asubuhi na mapema, uwanja wa kuegesha magari katika mtaa wa Otara, kusini mwa jiji la Auckland nchini Nyuzilandi, hugeuka kuwa gulio. Wauzaji na wanunuzi wengi ni watu wa asili ya Samoa, Tonga, Visiwa vya Cook, Niue na Fiji, ambao kwa jumla huitwa watu wa Pasifika, pamoja na Wamaori, wenyeji wa kwanza wa nchi hiyo. Utakuta magimbi, nazi, vitambaa vya maua makubwa, nguo za mitumba na chakula cha moto. Mfanyabiashara aliyezoea Busia, Namanga au Rusumo angetembea humo bila kujiona mgeni sana.

Mtoto anayekulia kwenye gulio kama hilo anajua kazi nyingi kwa macho. Anamjua muuzaji, dereva, mchungaji wa kanisa, mfanyakazi wa kiwandani, muuguzi na mcheza raga. Lakini daktari wa meno anayezungumza lugha ya nyumbani kwao, aliyesoma shule kama yake na kulelewa mtaa kama wake, huenda hajawahi kumwona.

Jambo hilo ndilo linalowasumbua wazee, walimu na madaktari wachache wa jamii hizo. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2023, Wamaori ni karibu watu 18 katika kila 100 nchini Nyuzilandi, na watu wa Pasifika ni karibu 9. Ukihesabu madaktari wa meno 100 wa nchi hiyo, Wamaori hawafiki watano, na watu wa Pasifika ni wachache zaidi. Wakati huo huo, watoto wa jamii hizo mbili ndio wanaoongoza kwa meno yaliyooza, mwaka baada ya mwaka.

Kwa lugha ya sokoni, wateja wako upande mmoja na wenye ujuzi wako upande mwingine.

Meno yaliyokuwa imara

Jino kwa Kimaori huitwa niho. Kwa Kisamoa na Kitonga huitwa nifo. Watu wenye maneno hayo hawakuwa na historia ya meno mabovu. Kabla ya Wazungu kufika na sukari na unga mweupe, Wamaori walikuwa na meno yaliyochakaa kwa kutafuna vyakula vigumu, lakini yaliyooza yalikuwa machache mno. Wataalamu walilijua hilo zamani. Henry Pickerill, mkuu wa kwanza wa shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Otago iliyofunguliwa mwaka 1907, aliyachunguza meno ya Wamaori katika utafiti wake wa kutafuta namna ya kuzuia kuoza.

Hivyo shule hiyo, iliyoko mji wa Dunedin, ilianza kuyasoma meno ya Wamaori muda mrefu kabla Wamaori wenyewe hawajawa wanafunzi wake kwa idadi ya kutajika. Mpaka leo ndiyo shule pekee nchini humo inayotoa shahada ya udaktari wa meno.

Nyuzilandi ina jambo jingine ililoanza kabla ya wengine. Mwaka 1921, Thomas Hunter, aliyekuwa ameongoza matibabu ya meno jeshini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alianzisha mafunzo ya wauguzi wa meno wa shule. Wasichana wapatao 30 waliingia darasa la kwanza mjini Wellington. Walifundishwa miaka miwili, kisha wakapelekwa kwenye kliniki ndogo zilizojengwa ndani ya viwanja vya shule za msingi, wazibe na kung'oa meno ya watoto bila kumsubiri daktari. Madaktari wengi wa wakati huo walipinga, wakidai kazi yao inapewa watu wasio na elimu ya kutosha. Mpango uliendelea, na nchi nyingine zikaja kuuiga.

Lakini watoto walikuwa na jina lao kwa kliniki hizo. Waliziita "nyumba ya mauaji". Mashine za zamani za kutoboa jino ziliendeshwa kwa mguu kama cherehani, zilikwenda polepole, na mara nyingi sindano ya ganzi haikutumika. Wengi waliopita mikononi mwa kliniki hizo wakiwa wadogo walikua wakiwa na hofu, wakawa wazazi na hofu hiyo hiyo. Ukimwambia mama wa namna hiyo kwamba binti yake anafaa kusomea meno, kumbukumbu ya kwanza inayomjia ni kelele za ile mashine.

Kliniki nayo ni biashara

Nchini Nyuzilandi matibabu ya kawaida ya meno ni bure kwa mtoto hadi siku anapotimiza miaka 18. Baada ya hapo, mtu mzima hulipa mfukoni mwake. Daktari wa meno wa kawaida hayuko kwenye mshahara wa serikali. Ana kliniki yake au hisa katika kliniki, analipa pango, anaajiri wasaidizi, ananunua vifaa kwa mkopo na kupanga bei. Kwa maneno mengine, ni mfanyabiashara mwenzako, ila bidhaa yake ni ujuzi wa mikono.

Bei hizo ni nzito kwa familia inayoishi kwa ujira wa kiwandani. Watu wazima wengi huahirisha matibabu mpaka maumivu yawashinde. Mwishoni mwa mwaka 2022 serikali ilipandisha ruzuku ya matibabu ya dharura ya meno kwa watu wa kipato cha chini, kutoka dola 300 za nchi hiyo hadi dola 1,000 kwa mwaka. Ilikuwa nafuu, lakini ruzuku haijengi kliniki mahali ambapo hakuna mtu anayetaka kuifungua.

Na hapa ndipo asili ya daktari inapoingia kwenye hesabu. Mtu hufungua duka anakojua watu. Kijana wa Otara akihitimu, anaijua Otara. Anajua ni siku gani watu hulipwa, nani hushika fedha za nyumba, na kwa nini bibi hatafika kliniki Jumapili. Kijana aliyekulia mtaa wa matajiri anaweza kujifunza hayo, lakini kwanza lazima atake kwenda.

Kichwa si mahali pa kugusa ovyo

Ipo sababu nyingine isiyohusu fedha. Katika mila za Wamaori, kichwa ndicho sehemu ya mwili yenye mwiko mkubwa kuliko zote. Mtu hagusi kichwa cha mwenzake bila ruhusa. Sasa fikiria kazi ya daktari wa meno: anamlaza mgonjwa chali, anasimama juu ya kichwa chake, na kuingiza vidole na vyuma mdomoni. Anayejua mila huomba kwanza, hueleza anachofanya, na huweka vitu vyake mahali panapostahili. Asiyejua huona tu kwamba mgonjwa amekunja uso na hakurudi tena, kisha huandika kwenye faili kwamba mgonjwa huyo hajali afya yake.

Kwa watu wa Pasifika, kutowaamini watu wa ofisini kuna historia yake. Miaka ya 1950 hadi 1970 walialikwa kwa wingi kufanya kazi viwandani. Uchumi ulipoyumba, wakageuziwa kibao. Katikati ya miaka ya 1970 polisi walivamia nyumba zao alfajiri wakitafuta waliopitiliza muda wa viza, ilhali wengi waliopitiliza walikuwa wametoka Ulaya na Marekani na hawakuguswa. Kila aliyewahi kuzuiwa mpakani akiwa na karatasi zake mkononi ataelewa jinsi jambo hilo linavyokaa moyoni. Tarehe 1 Agosti 2021, Waziri Mkuu Jacinda Ardern aliomba radhi rasmi kwa niaba ya serikali, na sehemu ya fidia ilikuwa ufadhili wa masomo kwa vijana wa jamii hizo.

Mlango hufungwa mapema

Anayetaka kuwa daktari wa meno Nyuzilandi husoma miaka mitano. Mwaka wa kwanza huchanganywa na wanaotaka udaktari wa binadamu, famasia na tiba ya viungo. Wote husoma kemia, fizikia na biolojia, na mwisho wa mwaka huchujwa. Nafasi za udaktari wa meno kwa wanafunzi wa ndani ni kama 60 tu, na wanaozitaka ni wengi mno.

Mtu anaweza kudhani kikwazo kiko hapo. Ukweli ni kwamba kwa watoto wengi wa Kimaori na Pasifika mlango hufungwa wakiwa na miaka 13 au 14. Shule nyingi za nchi hiyo zimekuwa na desturi ya kuwagawa wanafunzi kwa "uwezo", na watoto wa jamii hizo hujikuta kwa wingi katika madarasa ya chini, ambako hesabu na sayansi hufundishwa kwa kiwango kisichompeleka mtu chuo kikuu. Mtoto haambiwi kwamba hawezi kuwa daktari. Anawekwa tu kwenye darasa lisilo na kemia ya kumfikisha huko. Tokona Te Raki, taasisi ya kabila la Ngai Tahu inayoshughulikia mustakabali wa vijana wa Kimaori, imekuwa ikiongoza juhudi za kuufuta mtindo huo ifikapo mwaka 2030.

Halafu kuna umbali. Kutoka Auckland hadi Dunedin ni zaidi ya kilomita 1,000, na katikati kuna bahari. Katika familia ya Kisamoa au Kitonga, kijana wa miaka 18 mara nyingi ni msaada wa nyumba: anapeleka wadogo zake shule, anamtafsiria bibi hospitalini, anaongeza kipato kwa kazi za jioni. Kumtoa kwa miaka mitano si uamuzi wake peke yake. Ni kikao cha ukoo.

Mkopo wa elimu upo, na tangu mwaka 2006 hautozwi riba kwa anayebaki nchini. Lakini deni ni deni. Mzazi aliyeishi maisha yake yote akiogopa kudaiwa haoni tofauti kubwa kati ya mkopo wa riba na usio na riba.

Wanavyowavuta

Samaki mkunje angali mbichi, na waliolielewa hilo wameanza kazi mapema. Mpango wa kitaifa wa Kia Ora Hauora huwafuata wanafunzi wa Kimaori wangali sekondari, ukiwaeleza kazi za afya na masomo wanayopaswa kuyachagua kabla muda haujapita. Chuo Kikuu cha Otago kina mpango wa Tu Kahika, ulioanza mwaka 2010, unaowachukua vijana wa Kimaori waliomaliza shule na kuwapa mwaka mzima wa matayarisho huko huko Dunedin, pamoja na ufadhili, walezi na wenzao wa kusoma nao. Wakiingia mwaka wa mchujo, baridi ya mji na upweke wake vimeshazoeleka.

Mwaka 2012 chuo hicho kilipitisha sera yake ya kudahili wanafunzi wa fani za afya, iliyopewa jina lenye maana ya "kioo cha jamii". Mmoja wa waliobeba bendera yake ni Profesa Peter Crampton, aliyekuwa mkuu wa sayansi za afya chuoni. Hoja yake ni rahisi: darasa la madaktari wa kesho lifanane na nchi watakayoitibu. Mwanafunzi wa Kimaori au Pasifika aliyefikia kiwango cha ufaulu kinachotakiwa hupewa kipaumbele, sawa na anayetoka vijijini. Kati ya mwaka 2010 na 2016, idadi ya wanafunzi wa Kimaori na ya wale wa Pasifika walioingia fani za afya chuoni hapo iliongezeka zaidi ya maradufu.

Kabla ya sera hiyo kulikuwa na watu. Profesa John Broughton, Mmaori wa Ngai Tahu na Ngati Kahungunu, ni daktari wa meno ambaye pia ni mwandishi wa tamthilia anayejulikana nchini kwake. Ndani ya shule hiyo ya Dunedin alianzisha kliniki ya Wamaori iitwayo Te Whare Kaitiaki, ambamo wanafunzi hutibu wagonjwa wa Kimaori kwa kufuata mila zao. Mgonjwa hupata nafuu ya bei na heshima, mwanafunzi hupata mazoezi, na mtoto aliyemsindikiza babu yake humwona mtu wa kwao akiwa amevaa koti jeupe. Faida hiyo ya tatu haionekani kwenye mahesabu ya mwaka, lakini huenda ndiyo kubwa.

Miaka ya karibuni chuo kimekwenda mbali zaidi: badala ya kusubiri kusini, kimejenga kliniki ya kufundishia yenye viti 32 huko Manukau, karibu na Otara. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho hupelekwa huko kutibu wakazi kwa bei iliyo chini ya ile ya kliniki binafsi.

Wanaohamasisha vijana wamejifunza pia kutotaja udaktari peke yake. Kazi ya meno ina ngazi. Kuna msaidizi wa kliniki, anayeweza kuanza kwa kufundishwa kazini. Kuna tabibu wa kinywa na meno, mrithi wa wale wauguzi wa 1921, anayesoma miaka mitatu Dunedin au katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Auckland, akatibu watoto na kusafisha meno ya wakubwa. Kuna fundi wa meno ya bandia. Kwa familia isiyoweza kumwachia kijana wake aende mbali, miaka mitatu jijini Auckland, akilala nyumbani, ni jambo linalojadilika kikaoni.

Ubishi kuhusu haki

Si wote wanaokubali. Wapo wazazi wanaouliza kwa nini mtoto wao mwenye alama za juu aachwe, na mwenye alama pungufu kidogo aingie kwa sababu ya kabila. Wapo pia vijana wa Kimaori wanaochoka kunong'onezwa kwamba waliingia kwa mlango wa nyuma, ingawa mitihani ya kumaliza ni ile ile kwa kila mtu na hakuna shahada ya kipaumbele.

Ubishi huo umefika serikalini. Muungano wa vyama ulioingia madarakani mwishoni mwa mwaka 2023 ulikubaliana kuichunguza mipango ya kudahili Wamaori na watu wa Pasifika, ili kujua kama inaleta matokeo yaliyokusudiwa. Mwaka 2024 mamlaka maalumu ya afya ya Wamaori, iliyokuwa imedumu miaka miwili tu, ilivunjwa, na wizara zikaagizwa kupanga huduma kwa kuangalia mahitaji badala ya asili ya mtu.

Wanaoitetea sera wanajibu kwamba mahitaji yenyewe yanaonekana kinywani mwa watoto wa Kimaori na Pasifika. Wanaoipinga wanajibu kwamba umaskini ndio upimwe. Pande zote mbili zina jambo la kujibu, kwa kuwa takwimu za chuo chenyewe zimeonyesha kwamba wanafunzi wengi wa fani za afya bado hutoka maeneo yenye kipato kizuri. Mtoto wa gulio la Otara angali nyuma, kipimo chochote kitakachotumika.

Kijana akivuka bahari

Kuna hatari moja ambayo wasomaji wa gazeti hili wataitambua haraka. Kati ya Nyuzilandi na Australia kuna mapatano ya kutambuana kitaaluma, yaliyoanza kutumika mwaka 1998. Daktari wa meno aliyesajiliwa upande mmoja anaweza kusajiliwa upande wa pili bila kurudia mitihani. Ni soko la pamoja la ujuzi, na Australia ina watu wengi zaidi na fedha zaidi.

Kwa hiyo kijana wa Pasifika aliyechangiwa na ukoo mzima, akasoma miaka mitano, anaweza kupanda ndege akafungue kliniki Sydney au Brisbane. Akikaa huko muda mrefu mkopo wake utaanza kutozwa riba, lakini kipato chake kinaweza kuibeba. Hakuna anayefikiria kumfungia mpaka. Wazazi wake wenyewe walivuka bahari kutafuta maisha, na fedha walizotuma Samoa na Tonga zilijenga nyumba na makanisa. Kinachotegemewa ni mizizi: kwamba aliyelelewa, kufadhiliwa na kufundishwa kati ya watu wake atakuwa na sababu ya kurudi, au kutokwenda kabisa.

Kwetu Afrika Mashariki mlango huo unafunguka polepole. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010, na wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo tayari wana mikataba ya kutambuana. Mabaraza ya madaktari na madaktari wa meno yamekuwa yakikagua kwa pamoja vyuo vya fani hizo katika nchi wanachama. Madaktari wa meno wanafundishwa Nairobi, Muhimbili, Makerere na katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Mfanyabiashara anayevusha mahindi au vitenge leo anaweza kuwa na mtoto atakayevuka mpaka ule ule kesho akiwa na cheti cha kung'oa na kuziba meno.

Ila Otara inatukumbusha kwamba safari hiyo haianzii chuoni wala mpakani. Inaanzia kidato cha kwanza au cha pili, siku mtoto anapochagua masomo, au anapochaguliwa. Siku hiyo mzazi wa Kitonga au Kimaori huwa yuko kazini au gulioni, akidhani mambo ya shule yana wenyewe. Waalimu wanaozunguka na mipango kama Kia Ora Hauora wanachomwomba kwanza si fedha. Wanamwomba afunge meza yake saa moja mapema, aje shuleni, aulize swali moja: mwanangu amewekwa darasa gani, na darasa hilo linafundisha kemia?